Vijiko vya Magadi kwenye Tangi la Kawaida

Watu wakisikia kwamba mke wangu alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kituo cha utafiti wa bahari, huniuliza kama alikuwa akizamia na mtungi wa hewa mgongoni. Hakuzamia hata siku moja. Hajui kuogelea. Kazi yake ilikuwa kuosha matangi, kubadilisha maji, na kuhesabu watoto wa matumbawe ambao ni wadogo kuliko punje ya ufuta. Pale kituoni walimwita Mama Matangi. Wakuu walipita watatu, na kila aliyekuja alimkuta yeye na ndoo yake.

Mimi ni fundi wa mizani. Natengeneza mizani za wauza nyama, za wauza unga na za zahanati, na nazisahihisha kwa mawe yangu ya shaba ambayo haruhusiwi mtu mwingine kuyagusa. Nalisema hili mapema kwa sababu katika mkasa huu mimi ndiye niliyepaswa kuona kwanza, nami nikaona mwisho.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na ukubwa wa darasa dogo. Sakafu ya saruji yenye mfereji katikati, taa za bluu juu ya matangi mawili makubwa, na harufu ya chumvi iliyomfuata mpaka kitandani. Tangi la kushoto liliitwa Kawaida, la kulia liliitwa Kesho. Maji ya yote mawili yalitoka baharini kwa bomba moja, ila kwenye Kesho waliongeza hewa ukaa kutoka kwenye mtungi, mapovu madogo madogo bila kukoma, ili maji yachachuke kama wataalamu wanavyosema bahari nzima itachachuka miaka ijayo. Moshi wa viwanda na magari unapaa, bahari inaunywa, maji yanapata tindikali. Sasa mtoto wa matumbawe hujijengea nyumba ya chokaa, na tindikali humnyang'anya kile cha kujengea. Mke wangu alinieleza hayo mwaka wake wa kwanza, huku anakoroga uji, akamalizia, "Yaani umemwambia mtu ajenge, halafu kila akigeuka unamwibia saruji."

Matumbawe aliyoyalea hayakuwa ya kumwaga mayai majini. Yalikuwa ya ile aina inayobeba mimba ndani na kuachia vichanga vinavyoogelea, alfajiri, siku chache baada ya mwezi kuandama. Asubuhi hizo aliondoka nyumbani kabla hata muuza maziwa hajapita. Kila jiwe la matumbawe lilikuwa kwenye beseni lake, maji yakifurika polepole na kuangukia kikombe chenye chujio la kitambaa, na humo kikombeni ndimo vichanga vilimokwama. Alivinyonya kwa mrija kimoja kimoja, akahesabu mia kwa kila tangi, akaviweka pamoja na vigae. Kwa sababu kichanga hakijengi popote. Kinachagua. Kinataka jiwe lililoota mwani fulani mgumu wa rangi ya waridi, unaotambaa utadhani rangi imepakwa, na mwani huo nao una chokaa, kwa hiyo tindikali huanza na huo. Kichanga kikiukosa huzungukazunguka siku kadhaa, kinachoka, kinakufa. Baada ya siku kumi alitoa vigae, akaviweka chini ya hadubini, akahesabu waliokwisha kushika na kuanza kujenga.

Kwenye Kesho walishika kumi, mwaka mwingine kumi na watatu. Kwenye Kawaida walishika sabini katika mia. Mwaka wa kwanza sabini, mwaka wa kumi sabini na mmoja, mwaka wa kumi na saba sitini na tisa. Sabini hao ndio walikuwa fahari yake. Binti yetu, ambaye ni mwalimu, alipenda kumtania kwamba katika nyumba yetu watoto waliozaliwa walikuwa wawili tu, lakini mama yao akiulizwa husema elfu moja na mia tatu.

Aliyemfundisha kazi alikuwa profesa wa kwanza wa kituo, mzee mpole asiyependa makuu. Wiki ya kwanza alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene: KAWAIDA NI 8.2. ISISHUKE. Akakibandika ukutani, akampa kopo la magadi meupe ya maabara, akamwonyesha. Nambari ikishuka, maji yamechachuka. Tia magadi kidogo, koroga, pima tena. Yalikuwa maagizo ya jaribio la miezi mitatu. Profesa alimaliza jaribio lake, akastaafu, akafariki. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mke wangu kwamba miezi mitatu imekwisha.

Basi akaendelea. Fomu ya kituo ilikuwa na safu ya nambari ya tangi, safu ya joto na safu ya vichanga. Safu ya magadi haikuwepo. Yeye ni mtu wa kuandika kila kitu, hata siku niliyonyoa ndevu aliandika kwenye kalenda, kwa hiyo alijinunulia daftari kubwa la jalada gumu: tarehe, nambari kabla, magadi, nambari baada. Kwenye fomu alijaza ile ya baada, maana fomu iliuliza nambari ya tangi, na ile ndiyo ilikuwa nambari ya tangi. Hakuficha kitu. Daftari lilikaa juu ya rafu, karibu na sabuni, miaka kumi na tisa, na wasomi waliopita pale kwa makumi hakuna aliyelifunua.

Mwaka wa nne aliniuliza. Tulikuwa tunakunja nguo.

"Baba watoto, magadi yanaongezeka. Nilianza na ya kushika kwa vidole viwili, sasa ni nusu kijiko. Nimwulize mkuu mpya?"

"Umwulize nini?"

"Kwa nini maji yanashuka."

Nikamjibu kifundi. Nikamwambia mizani ikishuka unaisahihisha, huendi kumwuliza mwenye duka imeshukaje. Tangi limezeeka, bomba limezeeka, na mtu akiuliza sana mbele ya bosi mpya ataonekana hajui kazi. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na mashati. Nilijiona mwenye busara kubwa. Busara ile leo ningeipata ningeitupa jalalani.

Toka hapo alilaumu tangi. Alilisugua kwa brashi mpaka mikono ikachubuka, akaomba bomba lipya, akapewa, na bado asubuhi nambari ilikuwa imeshuka. Kijiko kimoja. Kijiko kimoja na nusu. Viwili. Mzamiaji mmoja wa kituo, kijana mcheshi, aliwahi kumwambia, "Mama, kule chini siku hizi ni mji wa wazee. Mawe makubwa yapo, ila kitoto sijakiona mwaka wa pili huu." Mke wangu aligombana naye. Alimshika mkono akampeleka kwenye hadubini. "Sabini hawa ni nini, si watoto?" Kijana akaomba radhi. Alikuwa ameona kwa macho yake mawili, na akaomba radhi.

Mkuu wa tatu alikuja na manukato na maneno matamu. Kwenye kila kikao na wakubwa wa mji alisimama na karatasi yake: matumbawe ya ghuba yetu yanazaa vizuri, sabini kwa mia, hayajabadilika tangu tuanze kupima. Waliotaka kumwaga majitaka baharini walimnukuu. Waliotaka kuchimba mchanga walimnukuu. Kama bahari yenyewe inasema iko salama, nani wa kubisha? Ila haikuwa bahari iliyosema. Lilikuwa tangi la lita mia tano lenye mlezi.

Huyo mkuu ndiye aliyetoa ahadi. Kituo kitachapisha kitabu cha miaka yote ya kuhesabu, na jina la mke wangu litaandikwa kwenye ukurasa wa mbele pamoja na ya madaktari, lote, majina matatu. Naomba nieleweke hapa. Mke wangu aliachishwa shule akiwa na miaka kumi na minne ili kaka zake wasome. Jina lake lilikuwa halijawahi kupigwa chapa popote isipokuwa kwenye kitambulisho, na hapo nako walikosea. Tangu siku ya ahadi ile alianza kutembea tofauti. Alifanya mazoezi ya sahihi. Alimwuliza binti yetu kama watu huwa wanasaini vitabu hapo mbele au nyuma. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, na kitabu kilikuwa kitoke wiki ya kustaafu kwake.

Miezi mitatu baadaye kituo kilipewa kipimo kipya. Walikifunga kwenye nguzo ya gati, ndani ya bahari yenyewe, na nambari zikawa zinaonekana kwenye kioo kidogo ukutani, hatua mbili kutoka kwenye boksi la profesa. Boksi lilisema 8.2. Kioo kilisema 7.9.

"Wametuletea kibovu," mke wangu akaniambia. "Mkuu anasema kitazoea. Kipimo kinazoea? Wewe ni fundi, njoo ukitazame."

Nikaenda Jumamosi, kituo kikiwa hakina watu. Vipimo vya aina ile havina tofauti kubwa na mizani. Mizani ina mawe, na hiki kina vichupa vya maji ambayo nambari yake inajulikana, kimoja cha saba, kingine cha kumi. Nilikivuta kutoka majini, nikakiosha, nikakichovya. Saba ikasoma saba. Kumi ikasoma kumi. Nikarudia mara tatu, kisha nikakirudisha baharini, na kikasoma 7.9.

"Kipimo ni kizima," nikasema.

"Hakiwezi kuwa kizima."

"Mama watoto, kingekuwa mizani ningekipiga muhuri."

Akaenda kwenye rafu, akashusha daftari, akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole. Vidole viwili. Akafunua. Robo kijiko. Akafunua. Sikuhitaji kuambiwa. Nilisimama pale nikaona kurasa zikipita, kijiko, viwili, vitatu, vijiko vinne asubuhi ya siku iliyotangulia. Maisha yangu yote nimewafokea wenye maduka kwamba ukiwekea mizani kijiwe cha kufichia kosa, kosa haliondoki, linahamia kwa mnunuzi.

"Siyo tangi lililokuwa linashuka," alisema.

"Siyo tangi."

"Kwa hiyo wa nje hawakuwa sabini."

Alikaa juu ya ndoo aliyoipindua, na akalia bila sauti, akiwa ameshika daftari mapajani. "Yule kijana mzamiaji," akasema baadaye. "Nilimlazimisha aniombe radhi."

Njiani kurudi nikamshauri. Nitayasema maneno yangu yalivyokuwa, maana kujitia hamnazo hakunisaidii. Nilimwambia anyamaze. Miezi minne tu. Kitabu kiko kwa mpiga chapa, kinangoja hesabu ya mwaka huu tu. Maji yakimwagika hayazoleki, na magadi yakishayeyuka ndiyo basi. Atoke na jina lake, wasomi wagundue wenyewe, wao ndio wanaolipwa kugundua.

Safari hii hakunisikiliza. Jumatatu aliingia kwa mkuu na daftari kwapani. Alinisimulia jioni, bado hajavua viatu.

Mkuu alisoma kurasa kama kumi, akainuka, akafunga mlango. Akamwuliza, "Mama, nani mwingine anajua?"

"Mume wangu."

"Ni mtu wa maneno?"

"Ni fundi mizani."

Hapo mkuu alicheka kidogo, akamsogezea kiti. Akasema Mama asiwe na wasiwasi, hakuna anayemlaumu, alifuata maagizo. Lakini jambo hili likitoka leo, miaka kumi na tisa inakwenda na maji, na kituo kitafungwa, na watu wana familia. Kitabu kitoke kama kilivyo. Baadaye, polepole, watafanya jaribio jingine, watasahihisha. "Na jina lako, Mama, usilisahau. Umelitolea jasho."

"Basi nikubalie jambo moja," mke wangu akamwambia. "Mwezi unaoandama, nizalishe bila magadi. Maji ya bahari matupu. Nijue."

"Hapana, Mama. Endelea kama kawaida."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilimkumbusha, nusu mzaha. Alinitazama mpaka nikaona haya.

Mwezi ulipoandama aliondoka alfajiri kama ilivyokuwa desturi yake, nami nikamsindikiza, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile. Nilimshikia taa. Matumbawe yalizaa. Hilo sikulitegemea, nilidhani tutakuta vikombe vitupu, lakini mama wale walizaa kwa wingi kuliko mwaka uliopita, vichanga vikijaa kwenye chujio, kila kimoja kinajisukuma kuelekea kwenye mwanga. Kuzaa hawakukoma. Alihesabu mia, akahesabu mia nyingine. Alijaza maji kwenye Kawaida, akapima, 7.9, akaandika. Kopo la magadi lilikuwa mkononi mwake. Akalirudisha kwenye rafu.

Zile siku kumi alikula kidogo. Siku ya nne aliniambia vichanga vya Kawaida vinafika kwenye kigae, vinagusa, vinaondoka. Mwani wa waridi ulikuwa umepauka kwenye kingo. Siku ya sita aliniambia wachache wameshika lakini nyumba zao zimejikunja upande mmoja, hazina kuta. Alikuwa anajua kabisa kwamba angeweza kutia kijiko kimoja tu na kuokoa hata nusu yao. Kila asubuhi alinyoosha mkono kwenye rafu, akaurudisha. Nimeishi naye miaka thelathini, na sijawahi kumwona akifanya jambo gumu kuliko hilo la kutofanya kitu.

Siku ya kumi alihesabu. Kesho, kumi na wawili. Kawaida, kumi na wanne.

Alihesabu tena kuanzia kigae cha mwisho, wakawa walewale. Akaniita nitazame kwenye hadubini. Nikaona duara za chokaa, nyembamba, zimetawanyika mbali mbali kwenye kigae kilichokuwa kitupu. "Haya matangi mawili sasa ni kitu kimoja," akasema. "Wanapoteza mtungi wa gesi bure." Alijaza fomu kwa wino, kumi na wanne, na kwa kuwa safu haikuwepo aliandika pembeni: bila magadi.

Mkuu hakumfukuza. Laiti angemfukuza. Alichukua fomu, akashukuru, na katika kitabu mwaka ule ukaandikwa kwamba haukuhesabiwa kwa sababu ya hitilafu ya pampu. Mke wangu alimwandikia barua mbili akiomba jina lake liondolewe. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mdomo, kwenye korido: imeshapigwa chapa, Mama, na tumekuandalia sherehe.

Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wa mikutano wa kituo. Viti vya plastiki vilivishwa vitambaa vyeupe, wakubwa wa mji wakakaa mbele, feni zikapeperusha karatasi za ratiba. Binti yetu alichukua ruhusa shuleni akaja na nguo mpya. Mkuu alisoma majina yote matatu ya mke wangu polepole, bila kukosea hata herufi, akamkabidhi kitabu kilichofungwa utepe, kisha akampa kipaza sauti aseme machache.

Alikishika kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyehesabu," alisema. "Sabini mtakaowasoma humu waliishi kwa magadi. Niliwatilia kwa mkono wangu huu, kila siku ya kazi, na kila mwaka nikaongeza, kwa sababu bahari ilikuwa inachachuka na mimi sikujua. Mwaka huu sikutia, wakashika kumi na wanne. Pampu haikuharibika. Kule nje hakuna mtu wa kuwatilia magadi. Wanazaliwa na hawapati pa kukaa. Naomba jina langu litolewe kwenye kitabu hiki."

Kwenye safu ya mbele watu wawili watatu walielewa, niliwaona, waliinama wakatazama viatu vyao. Kisha mkuu akapokea kipaza sauti kwa upole mkubwa, akamwekea mkono begani.

"Mnamwona mama yetu?" akasema. "Amewalea kama wanawe, mpaka magadi amewatilia, na bado anasema hastahili kuandikwa. Unyenyekevu kama huu wasomi tungeupata wapi?"

Watu wakacheka kwa furaha. Mmoja akasimama, wakasimama wote, makofi yakalia mpaka feni zikawa hazisikiki. Walimvika kilemba cha ukoka mbele ya macho yangu, mzungusho kwa mzungusho, naye amesimama katikati na kitabu chenye utepe, akisubiri wanyamaze ili arudie. Hawakunyamaza. Muziki ukawashwa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, binti yetu akiwa mbele na simu, akiwatumia ndugu picha. Tulipofika kwenye kona ya zahanati mke wangu akasimama.

"Ulinisikia nilichosema?"

"Nilikusikia."

"Chote?"

"Chote. Neno kwa neno."

"Na ukakielewa."

"Nilikielewa."

Akahamisha kitabu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Mbona na wewe ulipiga makofi?" akaniuliza.